Kihatarishi: Bakteria wa Mfuko wa Chakula na Saratani ya Utumbo Mpana

Kihatarishi ni istilahi changa iliyoenea haraka. Nchini Tanzania hutajwa pamoja na tumbaku, pombe na kutofanya mazoezi kila yanapozungumzwa magonjwa yasiyoambukiza, na wakaguzi wa hesabu nao wana vihatarishi vyao vya fedha na miradi. Katika afya ya jamii neno hili limepewa kazi mahususi: kutaja sifa, tabia au hali ambayo watu walio nayo hupata ugonjwa fulani kwa wingi kuliko wasio nayo. Hiyo ni dhana ya kuhesabu. Unawaweka walio na sifa hiyo upande huu na wasio nayo upande ule, unasubiri miaka, kisha unahesabu wagonjwa wa kila upande. Ukikuta upande mmoja umezidi, na tofauti hiyo haielezeki kwa bahati tu, umepata kihatarishi. Kilichoufanya upande huo uzidi bado hujakijua.

Umbo la neno lenyewe, hata hivyo, linadai kwamba unakijua. Kutoka hatari tunapata kitenzi hatarisha, na kutoka hatarisha tunapata kihatarishi, kwa njia ileile iliyowapa wanasarufi kiunganishi na kiwakilishi. Kiunganishi huunganisha na kiwakilishi huwakilisha. Basi mzungumzaji wa Kiswahili akisikia kihatarishi ataelewa kitu kinachohatarisha, kitu chenye mkono wake katika madhara. Mnyambuliko wa -isha umeshatoa hukumu kabla ushahidi haujasikilizwa. Lakini wataalamu huhesabu miongoni mwa vihatarishi vya saratani ya utumbo mpana hata kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua ugonjwa huo, ilhali ndugu huyo hakumhatarisha mtu. Mkanganyiko huohuo umo katika kauli ya makundi hatarishi, inayotumiwa kuwataja watu walio katika hatari ya kuambukizwa maradhi. Ukiifuata sarufi, watu hao ndio wanaowahatarisha wengine. Waliostahili kulindwa wametajwa kama tishio, na kosa lote limetokana na kiambishi.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2024, kwamba maambukizi ya bakteria wa tumboni yanahusiana na saratani ya utumbo mpana. Kabla hata ya kulifikia neno kihatarishi, msomaji wa habari hiyo anajikwaa kwenye maneno mawili ya kawaida, tumbo na utumbo. Tumbo kwa Kiswahili cha kila siku ni eneo zima kuanzia chini ya chembe ya moyo hadi kinenani. Tunaumwa tumbo, tunaendesha tumbo, na mjamzito naye ana tumbo. Utumbo tunaupambanua vizuri zaidi jikoni kuliko hospitalini, na huko pia kwa shida, kwani anayenunua matumbo Nairobi na anayeagiza supu ya utumbo Dar es Salaam wanaweza kuletewa sehemu zilezile za mnyama. Kwa makala ya sayansi hilo halitoshi. Mfuko wa chakula ni ule unaopokea chakula kutoka kwenye umio na kukichanganya na asidi. Utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita kadhaa, hufyonza virutubisho, na utumbo mpana, wenye kama mita moja na nusu, hunyonya maji na kuhifadhi kinyesi. Bakteria anayezungumzwa anaishi katika mfuko wa chakula, na saratani inayozungumzwa huota mwisho kabisa wa safari. Aliyesoma kwamba bakteria wa tumbo analeta saratani ya tumbo hakushtuka, kwa kuwa umbali huo wote, ambao ndio unaofanya habari iwe habari, ulipotea katika neno moja.

Bakteria mwenyewe ni Helicobacter pylori. Jina lake limetoka katika Kigiriki: sehemu ya kwanza yaeleza umbo lake la kujiviringa, na ya pili yatokana na neno lenye maana ya bawabu, yaani mlinzi wa lango linalotoka kwenye mfuko wa chakula kuingia utumbo mwembamba. Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumuotesha maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982, wakati madaktari wengi wakiamini kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kudumu katika asidi ile. Anadumu kwa kutengeneza kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo hupunguza makali ya asidi inayomzunguka. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache ukuta wa mfuko wake wa chakula ukawa umevimba. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa sababu ya saratani ya mfuko wa chakula. Mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua nafasi yake katika uvimbe na vidonda vya tumbo. Zingatia neno kisababishi. Kwa vidonda na kwa saratani ya mfuko wa chakula neno hilo limelipiwa gharama yake: kuna ushahidi wa maabara, wa wanyama, wa watu waliofuatiliwa miaka mingi, na wa wagonjwa waliopona baada ya kutibiwa.

Kwa utumbo mpana ushahidi ni wa daraja lingine. Utafiti huo wa 2024 ulitumia kumbukumbu za askari wastaafu wa Marekani waliopimwa bakteria huyu kati ya mwaka 1999 na 2018. Walikuwa zaidi ya 812,000, wengi wao wanaume, na robo yao walikutwa naye. Waliokutwa naye walipata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 zaidi ya wasiokutwa naye, na walikufa kwa saratani hiyo kwa asilimia 12 zaidi. Miongoni mwa walioambukizwa, ambao hawakutibiwa waliugua kwa asilimia 23 zaidi ya waliotibiwa, na walikufa kwa asilimia 40 zaidi. Takwimu hizi ni nzito kwa wingi wa watu waliohesabiwa, na kwa kuwa tiba ilionekana kwenda pamoja na upungufu wa ugonjwa. Kwa maana ya kuhesabu niliyoieleza mwanzoni, bakteria huyu amejipatia jina la kihatarishi.

Hapo ndipo neno hatari, lililofichwa ndani ya kihatarishi, linapoanza kuwatisha watu kupita kiasi. Hatari kwa Kiswahili ina uso wa simba au wa nyaya za umeme zilizoanguka. Ni kitu cha kukimbia sasa hivi. Takwimu hazina uso huo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kati ya watu 10,000 wasio na bakteria, 100 watapata saratani ya utumbo mpana. Ongezeko la asilimia 18 maana yake ni kwamba kati ya 10,000 walio naye watapata 118. Watu 18 ni watu, na kila mmoja ana jamaa zake. Lakini 9,882 hawataugua. Katika utafiti wenyewe, faida iliyoambatana na tiba kwa kipindi cha miaka 15 ilikuwa kati ya robo na theluthi ya asilimia moja, yaani kama watu 3 kwa kila 1,000. Nyama iliyosindikwa, kama soseji, inatajwa na shirika lilelile la utafiti wa saratani kuongeza uwezekano wa ugonjwa huu kwa asilimia 18 kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, na bado hakuna anayetoka mbio aonapo soseji. Neno linalofaa kubeba maana hii ni uwezekano. Hatari ibaki kwa mambo yanayohitaji kuchukua hatua papo hapo.

Ataniambia mtu kwamba nimekuwa mwangalifu kupita kiasi, maana zipo dalili kwamba bakteria huyu anatenda na wala hajaandamana tu na ugonjwa. Dalili zipo. Mwaka 2023 watafiti wa Munich walionyesha kwamba panya wenye kasoro ya kurithi inayoleta uvimbe wa utumbo walipata uvimbe zaidi walipoambukizwa, na waliotibiwa mapema walikaribia hali ya wasioambukizwa. Walieleza pia njia inayowezekana: kinga ya mwili kwenye utumbo huvurugika, na bakteria wengine wanaokula ute unaolinda ukuta wa utumbo huongezeka. Hivyo bakteria wa mfuko wa chakula anaweza kuathiri mahali asipoishi. Lakini panya aliyezaliwa na kasoro hiyo si mtu. Isitoshe, uchunguzi wa damu za Wamarekani uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta maambukizi kwa takribani watu 4 kati ya 10 katika pande zote mbili, ya wenye saratani ya utumbo mpana na ya wasio nayo. Tofauti ilijitokeza kwa waliokuwa na kingamwili dhidi ya VacA, sumu inayotengenezwa na bakteria huyo, na ilionekana zaidi kwa Wamarekani weusi. Huenda basi tunalaumu kabila zima la bakteria kwa kosa la baadhi yao. Tena maambukizi haya huenea zaidi penye msongamano, umaskini na maji yasiyo salama, na anayemaliza dozi mara nyingi ndiye anayerudi hospitali na kupimwa mengine. Watafiti hujitahidi kuyaondoa mambo hayo katika hesabu, ila hakuna ungo unaochekecha yote.

Pingamizi la pili latoka kwetu. Bakteria huyu ameenea Afrika kuliko mabara mengi, ilhali saratani ya utumbo mpana huandikishwa kwa uchache Afrika Mashariki kuliko Ulaya na Amerika Kaskazini. Kama anachangia, mbona ugonjwa haujajaa hapa? Swali kama hili liliulizwa tangu mwaka 1992 kuhusu saratani ya mfuko wa chakula, hata likaitwa fumbo la Afrika. Fumbo hilo limepungua nguvu, kwani madaktari wanajua kwamba saratani hiyo si nadra katika nyanda za juu, kutoka Kivu, Rwanda na Burundi hadi miteremko ya Kilimanjaro. Wasiopimwa hawaingii kwenye hesabu. Kwa utumbo mpana jibu ni hilo na zaidi. Watu wetu wengi ni vijana, na ugonjwa huu hupenda umri mkubwa. Vyakula vyetu vya asili vina nyuzinyuzi nyingi. Na ongezeko la asilimia 18 juu ya kiwango kidogo hubaki kuwa dogo. Kulinganisha bara na bara hakuwezi kukanusha kilichoonekana kati ya mtu na mtu, ila kunatukumbusha kwamba kihatarishi kimoja hakipiki chungu peke yake.

Pingamizi la tatu ndilo zito kwa mwandishi wa Kiswahili: wananchi wanahitaji ujumbe mfupi, na kuchambua viambishi ni anasa ya wasomi. Nasema ujumbe mfupi wenye makosa una gharama. Tiba ya bakteria huyu huunganisha dawa ya kupunguza asidi na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14. Mtu aliyeambiwa kwamba bakteria wa tumbo husababisha saratani ya utumbo anaweza kuzinunua dukani bila kipimo, akazikatiza nafuu ikija, na kuwaachia wenzake bakteria sugu. Mwingine aliyetibiwa na kupona vidonda ataona damu kwenye choo na kutulia, akiamini kwamba kisababishi kilishaondoka. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu damu hiyo, au choo kilichobadilika mwenendo kwa wiki kadhaa, inataka kuchunguzwa hata kama bakteria hayupo tena.

Simaanishi kwamba tulitupe neno kihatarishi. Limeshazoeleka, ni fupi, na maneno huzoea kazi yanayopewa. Asiyejua asili ya neno atomu hakosi kuelewa atomu. Ninachodai ni kwamba lisiachwe lisimame peke yake, na kwamba vitenzi vinavyolizunguka viseme ukweli, kwa kuwa Kiswahili kimetupa ngazi nzima ya minyambuliko. Mambo mawili yakionekana pamoja tu, tuseme yanahusiana au yanaambatana, kwa ile -ana ya kutendana isiyomtaja mtenda wala mtendwa. Hesabu zikionyesha tofauti thabiti baada ya mengine kupunguzwa, tuseme wenye hali hii hupata ugonjwa kwa wingi zaidi, na tutaje wingi huo kwa watu, si kwa asilimia pekee. Njia ya utendaji ikianza kuonekana, tuseme huenda inachangia. Husababisha tuliweke juu kabisa, pale aliposimama bakteria huyu mbele ya vidonda na saratani ya mfuko wa chakula.

Kwa ngazi hiyo, habari ya mwaka 2024 inaandikika hivi: watu wenye Helicobacter pylori katika mfuko wa chakula wameonekana kupata saratani ya utumbo mpana kwa wingi kiasi kuliko wasio naye, na waliotibiwa kwa uchache kuliko wasiotibiwa, huenda bakteria huyo anachangia, na haijathibitishwa kwamba anasababisha. Sentensi hiyo ni ndefu, lakini hakuna neno ndani yake ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi hajalisikia, ukiacha jina la bakteria. Ikishasemwa, kihatarishi kinaweza kufuata kwa usalama, kama jina la kitu ambacho msomaji ameshaonyeshwa.