Waajiri na Ustadi wa Watu wa Mwanza

Kiseke ni kata mojawapo ya Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza, na jina lake aghalabu hutajwa pamoja na herufi tatu, PPF, kwa kuwa Mfuko wa Pensheni wa Mashirika ya Umma ulijenga huko nyumba za makazi, na mtaa ukatwaa jina la mjenzi wake. Mfuko huo uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1978, zama ambazo mashirika ya serikali yalikuwa ndiyo mwajiri mkubwa wa viwandani, ili mfumaji wa nguo, karani wa ghala na dereva wa shirika wasifikwe na uzee hali mikono yao ni mitupu. Na mwaka 2018 uliunganishwa na mifuko mingine, jina lake likaondoka katika daftari za serikali. Baina ya miaka hiyo miwili mashirika mengi ambayo watumishi wake walikatwa mishahara kuuchangia mfuko huo yaliuzwa au yalifungwa, na ustadi ambao watu walijifunza ndani yake ukakosa mnunuzi.

Kwa hiyo mtu atakaye kujua ni ujuzi gani waajiri wa Mwanza wanauhitaji, swali ambalo siku hizi huulizwa katika vikao vingi kwa ajili ya vijana wasio na kazi, hana budi kutazama nyuma kwanza, aone ni nani waliolitangulia kuliuliza, waliliuliza kwa haja ya nani, na jawabu walilolipata liliwafaa akina nani.

Kabla ya Wajerumani kuweka boma lao Mwanza mwaka 1892, kandokando ya ziwa palikuwa na mafundi wenye sifa. Warongo wa Uzinza na pande za Geita waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, wakafua majembe yaliyofika Usukuma kwa biashara. Na katika kisiwa cha Ukara, ambacho ardhi yake ni haba kwa wingi wa watu wake, wakulima walifuga ng'ombe zizini, wakakusanya samadi na kuirudisha shambani kwa bidii na maarifa ambayo wataalamu wa kilimo waliofika baadaye waliyaandika kwa mastaajabu. Dola mpya haikuuliza habari za tanuri wala za samadi. Iliuliza habari za mabega ya kubebea mizigo, kisha za mikono ya kulimia pamba. Na wenye mashamba ya mkonge walipounda SILABU mwaka 1944, ofisi ya kuandikisha vibarua, waliuliza habari za miili yenye afya iwezayo kwenda mbali kwa mkataba, nao walioandikwa wakaitwa manamba. Aliyetaka nguvu peke yake alipata nguvu peke yake, na jembe la Mrongo likashindwa na jembe lililoletwa kwa meli, wala haikumpitia mkubwa yeyote wa zama zile kwamba mtu ajuaye kuyeyusha chuma angefundishika upesi kazi za karakana.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Hata hivyo karakana kubwa ya meli za ziwa ilikuwa Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilikwisha kufika tangu mwaka 1901, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilipata meli ya MV Victoria katika mgawanyo, lakini karakana ile ikabaki ng'ambo ya mpaka, na nafasi ya kujifunza ustadi wake pamoja nayo.

Habari za ushirika wa pamba zataka kusimuliwa kwa kituo, kwa sababu hapo ndipo, kwa rai yangu, swali letu lilipopata kuulizwa na watu waliostahili kuliuliza. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, walioweka mizani zao vituoni. Na mkulima asiyejua kusoma alisimama mbele ya mizani akatajiwa uzito wa mali yake na mtu yule yule aliyekuwa akiinunua. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Wakatokea vijana waliosoma kidogo, wakaweka mizani zao pembeni, mkulima akapima kwao kwanza, kisha akamwendea mnunuzi huku anaijua haki yake. Ustadi uliotakiwa ulikuwa mdogo kwa kuutazama: kusoma tarakimu, kuandika jina na uzito katika daftari, na uaminifu wa kutobadili kilichokwisha andikwa. Lakini hakuna tajiri aliyeutangaza ustadi huo. Wakulima wenyewe walitambua pengo lilipo, wakamtafuta wa kuliziba, nao wakampa imani yao. Juu ya msingi huo Paul Bomani na wenzake walisimamisha vyama kijiji kwa kijiji, vikaungana mwaka 1955 kuwa VFCU, shirikisho ambalo baada ya miaka michache lilihesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya namna yake barani Afrika, likamiliki hata viwanda vya kuchambua pamba. Na Bomani mwenyewe baada ya Uhuru akawa Waziri wa Fedha.

Kila chama kilihitaji katibu, mpimaji na mtunza ghala, na Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa Moshi mwaka 1963, mafunzo yaliifuata haja iliyokwisha kudhihirika. Ila vyama viliongezeka upesi kuliko makarani wa kuviongoza, kwa maana serikali ilihimiza viundwe hata mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kufunga hesabu, na kamati aliyoiteua Rais mwaka 1966 kuvichunguza ilikuta upungufu mkubwa wa watumishi wenye ujuzi, pamoja na ubadhirifu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri. Vilirudishwa katika miaka ya 1980, lakini wapimaji na makatibu wa awali walikwisha tawanyika.

Kiwanda cha nguo cha Mwatex, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, kilikusudiwa ili pamba isisafirishwe yote ghafi, nacho kiliwafunza watu wengi kusokota nyuzi, kufuma, kutia rangi na kutunza mashine. Uhaba wa fedha za kigeni za kununulia vipuri, na baadaye nguo za nje na mitumba, vilikidhoofisha, kama vilivyovidhoofisha viwanda vya nguo vya nchi nzima. Hapa pana jambo ambalo wapangaji wa mafunzo hawalitilii maanani ya kutosha. Fundi umeme aliyetoka kiwandani aliweza kufungua kibanda akasuka mota za watu, na seremala vivyo hivyo akapata wateja. Lakini aliyefunzwa kusimamia mashine ya kusokotea nyuzi, ustadi wake ulikuwa umefungamana na mashine isiyo yake, na mlango ulipofungwa alitoka nje kama mtu ambaye hakupata kufunzwa kitu, ingawa alitumika kwa umahiri miaka mingi.

Kisha zikaja zama za sangara, samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaenea katika miaka ya 1980 na kuwamaliza kwa wingi furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwanza ilianza kupata viwanda vya minofu iendayo Ulaya, vikaajiri wakata minofu na wapakiaji, na nje ya ukuta wake biashara ya mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, ikawapa riziki wachuuzi na wakaangaji, wengi wao wanawake. Baina ya 1997 na 1999 nchi za Ulaya ziliwazuia samaki wa ziwa zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vijidudu, kwa hofu ya kipindupindu, na kwa habari za sumu iliyotumiwa kuvulia. Ghafla ukatakiwa ustadi ambao wakata minofu hawakufunzwa: kupima maji, kutambua vijidudu maabarani, kuandika joto la samaki tangu mwaloni hata uwanja wa ndege. Chuo cha uvuvi kilikuwapo Nyegezi tangu miaka ya 1960, karibu kabisa na viwanda hivyo, lakini waajiri hawakuhisi uzito wa haja hiyo mpaka soko lilipofungwa na vibarua wakarudishwa majumbani. Mwajiri huijua haja yake ya leo. Haja yake ya kesho aghalabu huijua mnunuzi wake kabla yake.

Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliagiza mafunzo yafuate mahitaji ya soko, ikawapa waajiri viti katika bodi na kuwatoza kodi ya mafunzo juu ya mishahara wanayolipa. Ni sheria njema. Hata hivyo, baada ya migodi mikubwa ya dhahabu kufunguliwa Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, programu ambayo kampuni za madini zilishirikiana na VETA kuianzisha mwaka 2009 kwa ajili ya mafundi wa migodi iliwekwa Moshi, mbali na vijiji vilivyoizunguka dhahabu hiyo, na kijana wa Geita alihitaji nauli na malazi ya ugenini kabla ya kuhitaji akili.

Mwezi Februari 2023 meli ya MV Mwanza ilishushwa majini katika Bandari ya Mwanza Kusini, baada ya kujengwa papo hapo, na Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, ambalo limeondoa haja ya vivuko mahali pale. Kazi zote mbili ziliwatumia wachomeleaji, wasuka nondo na waendesha mitambo, ambao kazi ikiisha hutawanyika, kila mmoja na ujuzi wake kichwani, pasipo cheti. VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ninaiomba iupeleke utaratibu huo kwa watu hao kungali mapema, Kiseke, Kirumba, Igogo na Busisi, iwaandike majina na kazi wazijuazo kabla ya kuwauliza waajiri wanataka nini. Na katika vikao vya kupanga mafunzo ya Kanda ya Ziwa, fundi wa kibandani na mvuvi wa mwaloni wapewe viti, pamoja na haki ya kusema, sawasawa na wenye viwanda.