Ua la Kwetu
Nimezaliwa Tanga, lakini ua hili nililiona kwanza Ujerumani, katika chungu dirishani. Mama mwenye nyumba akashangaa: "Hulijui? Sisi twaliita ua la Usambara!"

Niliporudi nikaenda Amboni, kilomita nane hivi kutoka mjini. Mapango yale yanastaajabisha, lakini mimi nilifuata ua. Mzee aliyetuongoza akanionyesha kwenye mwamba wa chokaa, kivulini: majani yenye vinyweleo, maua ya zambarau.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alilipata pande hizi akalipeleka kwao. Mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia, kwa jina lake, likaenea duniani.

"Hukupata kuliona, mwanangu?"

"Sikupata, mzee."

Mgeni aliinama akalitazama. Mimi mwenyeji nilipita tu.