Nani aliita lugha hii hivyo?

Mwaka 1887, mjini Warsaw, daktari kijana aitwaye L. L. Zamenhof alitoa kijitabu cha lugha aliyoibuni mwenyewe. Lugha aliiita Lingvo Internacia, yaani lugha ya kimataifa. Jina lake halisi hakuliweka. Aliandika Doktoro Esperanto, "daktari anayetumaini". Basi watu wakaliacha jina rasmi la lugha, wakashika lile la bandia la mwandishi. Kiingereza nacho kikaipokea Esperanto hivyo hivyo.

Zamenhof angalau neno lilikuwa lake. Lugha ndogo nyingi hazipati hata hilo. Hubatizwa na jirani, kisha mzungu mwenye daftari anamuuliza jirani huyohuyo: wale kule wanaitwaje?

Chukua Kihadza, cha kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Wanaokizungumza ni kama watu 1,000 tu, na wataalamu wengi hawajakipata ndugu popote duniani. Katika vitabu vya zamani vya Kiingereza utakikuta kwa jina Tindiga, au Kindiga. Tindiga imetoka kwetu: Watindiga, watu wa majani ya kinamasi, kwa sababu ya chemchemi kubwa ya Mangola. Mwaka 1931 Dorothea Bleek aliandika makala kuwahusu, na kwenye kichwa akaweka majina mawili: Hadzapi, au Watindega. Hilo la kwanza nalo si jina kamili. Kwa Kihadza ni kama sentensi: "ni wanaume". Nadhani kuna mtu aliuliza swali, akajibiwa, na jibu likaandikwa kuwa ndilo kabila.

Mwishowe Kiingereza kimetulia kwenye Hadza, shina tupu, kama kilivyokata Ki- ya Kiswahili kikabaki na Swahili. Wenyewe husema Hadzane.

Ila tusiwacheke Waingereza peke yao. Magazeti yetu huandika "Wahadzabe" kila siku. Hiyo -be ya mwisho tayari ni wingi kwa Kihadza, sisi tunaongeza Wa- mbele, wingi juu ya wingi. Halafu inakuja "Kihadzabe", eti lugha.

Mimi huandika Wahadza na Kihadza. Mhariri akiuliza herufi mbili zimekwenda wapi, namweleza. Mara nyingine anazirudisha.