Steven wa Dell: aliyekera watu na kuuza kompyuta

Steven ni mhusika wa matangazo ya televisheni ya kompyuta za Dell nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliigizwa na Ben Curtis, kijana wa Tennessee aliyekuwa akisomea uigizaji New York. Kazi yake ilikuwa moja: kuwashawishi wazazi, wake na wa rafiki zake, wanunue Dell, kisha kumwambia mwenzake kwa bashasha maneno yenye maana ya, "Kaka, wapata Dell!"

Maneno hayo yalirudiwa hadi yakawa kero. Lakini kero hiyo ilikuwa na faida. Wakati huo Dell iliuza zaidi kwa simu na intaneti, si madukani ambako mteja angeigusa kompyuta kwanza, kwa hiyo jina lilibidi limkae kichwani akiwa bado sebuleni kwake.

Februari 2003 Curtis alikamatwa Manhattan kwa kununua bangi kidogo. Hakurudi tena kwenye matangazo hayo. Miaka michache baadaye alikuwa akihudumia wateja katika mkahawa wa Kimexico jijini New York, na watu bado walimwita Steven.

Justin Long alibahatika zaidi. Aliigiza kompyuta ya Mac kuanzia 2006 hadi 2009, akimcheka mwenzake aliyeigiza PC, na wapo waliomwona mwenye maringo. Mwaka 2021 Intel ilimlipa azisifu PC zilezile alizokuwa akizicheka.