MyISAM au InnoDB: ipi inafaa seva ya barua pepe?

Umeme ukikatika ghafla, barua pepe zilizokwishafika kwenye seva kwa kawaida husalimika, kwani nyingi huhifadhiwa kama mafaili ya kawaida. Kinachoweza kuharibika ni hifadhidata inayoeleza anwani ni ya nani na nenosiri lake ni lipi. Ikiharibika, Postfix haijui barua iipeleke wapi, Dovecot haimtambui mteja, na barua huanza kupanga foleni.

Kwa wanaotumia MySQL, usalama huo hutegemea injini ya hifadhi, yaani sehemu ya programu inayoandika majedwali kwenye diski. Kwa miaka mingi MySQL ilitumia MyISAM mtumiaji asipochagua nyingine, hadi toleo la 5.5 la mwaka 2010 lilipoipa InnoDB nafasi hiyo. InnoDB ilibuniwa na Heikki Tuuri wa Finland, ambaye kampuni yake, Innobase, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2005.

MyISAM ni nyepesi, na jedwali la anwani mia kadhaa linalosomwa tu haliisumbui. Tatizo ni uandishi: kwa kawaida hufunga jedwali zima hata kwa badiliko la mstari mmoja, na wengine husubiri. InnoDB hufunga mistari inayoguswa tu. Tofauti hujitokeza pale kichujio cha barua taka kinapoweka takwimu za maneno kwenye hifadhidata, au nafasi aliyotumia kila mteja inapohesabiwa upya kila barua iingiapo.

Aidha, InnoDB huyaandika mabadiliko kwanza katika daftari maalumu, na seva ikiwaka tena hulisoma na kujirekebisha yenyewe. MyISAM husubiri amri ya kukarabati jedwali, bila hakikisho kwamba kila kitu kitarudi. Kazi hiyo, bila shaka, humwangukia fundi usiku wa manane.

Wanaoiona InnoDB nzito hubadili kipimo cha innodb_flush_log_at_trx_commit kutoka 1 kuwa 2. Kasi huongezeka, lakini umeme ukikatika, mabadiliko ya takriban sekunde moja yaweza kupotea. Kwa takwimu za barua taka si neno; kwa nenosiri jipya la mteja ni kero, na kipimo hicho huhusu seva nzima.

Anayehama kutoka MyISAM hutumia amri ya ALTER TABLE. Jedwali huandikwa upya lote, hivyo atenge nafasi ya kutosha kwenye diski, achukue nakala rudufu kwanza na kuchagua saa ambayo wateja wamelala.