Trekta Lilishika Tambarare: Miaka Sabini ya Soko la Mashine za Kilimo Burundi

Ukitoka Bujumbura kuelekea kaskazini kwa barabara ya Cibitoke, nyumba zikipungua unaingia tambarare ya Imbo: mashamba ya mpunga ya Gihanga, mifereji ya maji, na vijiji ambavyo mpaka leo hutajwa kwa nambari. Ukishika barabara ya Bugarama badala yake, unaanza kupanda mara moja. Kutoka ufukwe wa Tanganyika, ulio mita 774 juu ya usawa wa bahari, barabara inapita mita 2,000 kabla ya safari ya kilomita arobaini kwisha. Karibu historia yote ya trekta nchini Burundi imefanyika kwenye njia ya kwanza. Kwenye njia ya pili limelima jembe la mkono, na jembe hilo ndilo lililoilisha nchi.

Wengi hulieleza jambo hili kwa jiografia: trekta haliwezi mlima. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Trekta la Burundi halikufuata ardhi tambarare tu. Lilifuata ardhi iliyopimwa na mamlaka, yenye zao moja na mnunuzi mmoja. Kwa hiyo soko la matrekta lilizaliwa likiwa na mteja mmoja mkubwa, na huyo mteja alipoishiwa fedha, soko liliishiwa pumzi pamoja naye.

Kabla ya injini

Katika karne ya 19, jembe la chuma lilikuwa bidhaa ya thamani katika eneo lote la Maziwa Makuu. Wasumbwa walisafiri na majembe waliyofua, chumvi ya Uvinza ikasafiri pande zote za ziwa, na jembe likahesabiwa katika mahari. Katika ufalme wa Burundi kilimo kilikuwa pia jambo la dola. Sherehe ya umuganuro iliukutanisha utawala wa mwami, yaani mfalme, na mwanzo wa msimu wa mtama, mpaka ilipokoma wakati wa Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1920. Ng'ombe walikuwepo kwa wingi, lakini walikuwa heshima, maziwa na samadi. Hawakufungwa nira. Hatua ambayo nchi nyingi ziliipitia kati ya jembe na injini, yaani plau la kukokotwa na wanyama, hapa haikuota mizizi.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na mwaka 1916 Wabelgiji wakauchukua mji. Reli ya Kati ilikuwa imeshafika Kigoma mwaka 1914, na kwa makubaliano ya mwaka 1921 Ubelgiji ikapata maeneo yake ya bandari Dar es Salaam na Kigoma. Hivyo njia ya mashine ikawa wazi: meli mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Kigoma, kisha boti mpaka Usumbura. Njia ilikuwepo. Kilichokosekana ni kazi ya kuipa mashine. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa vilima kupanda kahawa, na mkahawa hauhitaji trekta. Unahitaji mikono ya kupanda, kutandaza nyasi na kuchuma tunda moja moja.

Pamba na mistari ya Imbo

Zao lililofungua mlango lilikuwa pamba. Kampuni ya COGERCO iliundwa mwaka 1947 kusimamia pamba, na katika miaka ya 1950 Wabelgiji waliigawa tambarare ya Imbo katika makazi waliyoyaita paysannat. Familia zilipewa viwanja virefu vya takriban hekta 4, vilivyopangwa sambamba kando ya njia zilizochorwa kwa rula. Mkulima hakuchagua zao wala mnunuzi. Watu wa Mutimbuzi, ndani ya Imbo, bado hutaja mahali kwa nambari za transversale, njia zilizokatwa wakati huo.

Mpango wa namna hiyo unaifaa mashine. Viwanja vikifuatana kwa mstari, dereva anaweza kukatua vingi bila kugeuza kila baada ya hatua chache, na gharama ya kulima inakatwa pamba inapouzwa. Ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo, mashamba ya miwa ya Kiliba karibu na Uvira yalifuata mantiki hiyo hiyo: ardhi bapa, kampuni moja, kiwanda kimoja. Tangu mwanzo, mkulima wa Imbo alilijua trekta kama huduma ya kampuni. Lilikuja, likakatua, likaondoka, na yeye akabaki na deni na palizi.

Palizi haistahili kupitwa haraka. Plau linaongeza eneo linalopandwa, lakini magugu hayapungui kwa sababu ardhi imelimwa na injini. Eneo likikua, kazi ya kupalilia na kuvuna hukua nalo, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Hesabu nyingi za matrekta, za kikoloni na za baadaye, zilihesabu ekari zilizokatuliwa na kusahau migongo iliyoinama baada ya hapo.

Somo la Kongwa

Wakati Imbo ikichorwa mistari, upande wa pili wa ziwa Waingereza walikuwa wakipata aibu yao. Mpango wa karanga wa Tanganyika ulianza mwaka 1947 Kongwa, ukaenea Urambo na Nachingwea, na ulilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mashine zilikusanywa kutoka mabaki ya Vita Kuu ya Pili, na hata vifaru vya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta. Mizizi ya Kongwa ikavunja vifaa, udongo ukakauka mpaka ukasaga meno ya plau, mvua ikakosekana, na karakana zikajaa mashine zilizosubiri vipuri. Mpango ulipofutwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimeteketea.

Julius Nyerere aliposimamia kilimo cha Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliwahimiza wakulima watoke kwenye jembe la mkono waende kwenye plau la ng'ombe kabla ya kuota trekta. Burundi, isiyokuwa na desturi ya kulimia ng'ombe, haikuwa na ngazi hiyo ya kati. Ilibidi iruke, na miguu ya kurukia ilikuwa ya serikali.

Serikali kama mteja

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, utafiti wa kilimo ulihamia ISABU, taasisi iliyorithi vituo vya Wabelgiji, na kilimo cha tambarare kikahamia kwenye kampuni za umma. SRDI, iliyoundwa miaka ya 1970, ilisimamia mpunga wa umwagiliaji Gihanga na Mpanda: maji, pembejeo kwa mkopo, ununuzi na kinu. Kiwanda cha nguo cha COTEBU kilijengwa Bujumbura kwa msaada wa China ili kitumie pamba ya Imbo. Upande wa mashariki, katika tambarare ya Moso mkoani Rutana, serikali iliunda SOSUMO mwaka 1982, na sukari ikaanza kutoka mwaka 1988. Shamba la miwa la kampuni ndilo mahali ambapo trekta lina kazi karibu mwaka mzima: kulima, kuchora matuta, kuvuta matela ya miwa.

Ukizitazama kampuni hizi pamoja, unaliona soko zima. Wanunuzi ni wachache, na nyuma yao imesimama hazina moja. Fedha za kigeni za kulipia mashine zilitoka kwenye kahawa na chai, mazao ya vilima yanayolimwa kwa mkono. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kayanza aliyechuma kahawa aligharamia trekta ambalo halikuwahi kupanda kwenye kilima chake.

Historia ya wakimbizi inatoa kipimo kingine. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwatupa Warundi wengi Tanzania, na baadaye wakapewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, takriban hekta 5 kwa familia. Wakaufungua msitu kwa shoka na jembe, na makazi hayo yakajulikana kwa wingi wa mahindi na tumbaku. Wakulima walikuwa wale wale, na jembe lao halikubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa shamba.

Vita, vikwazo na vipuri

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani kwa zaidi ya muongo mmoja. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu mpaka Januari 1999. Trekta halifi siku moja. Hufa kwa pampu ya dizeli isiyopatikana, kwa sahani ya klachi iliyolika, kwa tairi la nyuma ambalo bei yake inazidi mavuno ya msimu. Kiliba nayo ilisimama vita vilipoingia Kongo mwaka 1996. Kwa miaka kadhaa, pande zote mbili za Rusizi, mashine zilizokuwa fahari ya miaka ya 1980 ziligeuka hazina ya vyuma.

Uhai wa mitambo ulibaki mikononi mwa mafundi. Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye barabara za nambari, ulikuwa tayari mji wa gereji: kuchomelea, kuchonga, kutoa kifaa kwenye mashine moja ili nyingine iwake. Ujuzi huo haumo katika taarifa za wizara, lakini nchi isiyounda matrekta huwa na matrekta mengi kadiri mafundi wake wanavyoweza kuyarudisha kazini.

Soko la leo

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na chini ya ushuru wa pamoja wa forodha trekta la kilimo huingia bila ushuru wa kuagiza. Kwa hiyo kodi ya mpakani siyo kizuizi kikuu. Vizuizi ni vitatu, na kila kimoja kina historia yake.

Cha kwanza ni ardhi. Nchi ina kilomita za mraba 27,834. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8, na idadi imeendelea kupanda kwa kasi tangu hapo. Shamba la familia ya kawaida liko chini ya nusu hekta, tena limegawanyika vipande kwa urithi. Mwenye shamba hilo hawezi kununua trekta, na hata akipewa bure, hawezi kulipatia kazi ya kutosha.

Cha pili ni fedha za kigeni. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, na bei rasmi ya dola ikapanda kutoka takriban faranga 2,000 mpaka zaidi ya 2,800. Mashine, ambayo bei yake hupangwa nje, ilipanda siku hiyo hiyo. Cha tatu ni dizeli. Foleni za mafuta zilizoizoeza Bujumbura kungoja zinamhusu mkulima kwa ukali zaidi, kwa sababu mvua ya kwanza haingoji meli ya mafuta.

Majirani wameonyesha kwamba kuagiza kwa wingi hakutoshi. Tanzania ilitangaza mpango wa Kilimo Kwanza mwaka 2009 na kuingiza matrekta kwa mkopo wa India kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa. Baadaye ikaunganisha matrekta ya Ursus ya Poland pale Kibaha, mahali ambapo matrekta ya Valmet ya Finland yalikuwa yameunganishwa katika miaka ya 1980. Mara zote mbili maswali yaliyofuata yalifanana: nani atarejesha mkopo, na spea zitatoka wapi. Kampuni mama ya Ursus ilipofilisika, swali la pili likawa gumu zaidi.

Kinachowezekana

Mwaka 2015 Umoja wa Afrika ulizindua kampeni ya kulipeleka jembe la mkono makumbusho ifikapo mwaka 2025. Mwaka huo ulifika, na jembe bado liko shambani, kilimani na bondeni. Hilo halimaanishi kwamba lengo lilikuwa baya. Linaonyesha kwamba tarehe ilipangwa kabla ya kuulizwa nani atamiliki mashine, nani ataitengeneza, na itapata hekta ngapi kwa mwaka.

Kwa Burundi, njia inayoonekana ina ngazi mbili. Katika Imbo na Moso, trekta la magurudumu manne lina nafasi ikiwa litauzwa kama kazi: mwenye trekta analipwa kwa hekta, mkulima hanunui chuma. Katika mabonde ya mpunga yaliyo kati ya vilima, mashine inayofaa ni pawatila, nyepesi, ya kuongozwa kwa kutembea nyuma yake, inayoweza kugeuka ndani ya jaruba. Vyama vya ushirika vya Sangwe, vilivyoanzishwa kwenye vilima kote nchini mwaka 2019 kwa mtaji wa faranga milioni 10 kila kimoja, vinaweza kuwa mteja wa pili ambaye soko hili halijawahi kuwa naye. Lakini itafaa tu ikiwa ushirika utatunza daftari la saa za injini kwa uangalifu ule ule unaotunza daftari la michango.

Usafiri nao unaweza kubadilika. Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kilomita 282 kutoka Uvinza nchini Tanzania mpaka Musongati, Burundi. Ikikamilika, itapunguza gharama ya kilichokuwa ghali tangu enzi za boti za Kigoma: uzito wa chuma kutoka baharini. Haitapunguza gharama ya dereva asiyefundishwa wala ya stoo isiyo na chujio la mafuta.

Miaka sabini inatoa ushauri ulio wazi kwa yeyote atakayepanga msimu ujao. Hafla za kukabidhi matrekta zimekuwa zikihesabu mashine. Kipimo chenye maana ni mashine zinazowaka katika msimu wa tano, hekta zilizolimwa na kulipiwa na wenye mashamba wenyewe, na mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Bujumbura ina mafundi tayari. Bajeti itakayoanza na mafunzo yao na akiba ya spea, kisha ndipo iagize trekta, itakuwa ya kwanza katika historia hii kuanzia mahali sahihi.