Bia Nzuri Melini, na Pombe ya Usoke Isiyopanda Treni

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumze kinywaji. Wasiokunywa msikimbie, hii ni historia.

Mwaka 2010 kampuni ya Meyer Werft, yenye karakana zake Papenburg, Ujerumani, ilikabidhi meli ya kitalii iitwayo AIDAblu. Humo ndani, pamoja na vyumba na mabwawa ya kuogelea, kuliwekwa kiwanda kidogo cha bia. Bia inapikwa melini, kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na abiria anaishusha akiwa mita chache tu kutoka kwenye mitungi ilikoumukia. Kuna kabila jipya la wanywaji duniani, wale ambao bia ya kiwanda kikubwa haiwatoshi tena, wanataka kujua kaipika nani, kwa nafaka gani na lini. Kwa watu hao meli za kitalii zilikuwa jangwa: chakula cha kifalme, lakini kwenye friji bia ni zile zile za makopo. AIDAblu kwao ilikuwa habari njema.

Mimi kilichonishtua si bia, ni jina la karakana. Meyer Werft! Hawa ndio waliotengeneza Liemba yetu.

Kwa ambao hawakulala kwenye reli ya kati kama mimi: mwaka 1913 Meyer Werft ilitengeneza meli iliyoitwa Graf von Götzen, ikaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ambayo ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Walikuja nayo mafundi watatu wa Papenburg kuiunga upya. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani, wakiona mambo yameharibika, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza wakapaka mitambo grisi, kama mtu anayefunga nyumba akijua atarudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaipa jina la Liemba, na Mei 1927 ikaanza kazi ya kubeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu. Ikafanya hivyo kwa miongo mingi, hadi ilipochoka na kupumzishwa Kigoma ikingoja ukarabati.

Sasa tazama ramani. Ukitoka Tabora kwa treni kwenda Kigoma, kabla ya Urambo unapita Usoke. Masanduku ya Wajerumani yalipita katikati ya nchi ambayo, kwa mambo ya kupika pombe ya nafaka, haikuwa na haja ya kufundishwa na Papenburg wala Munich. Lakini muulize mtu yeyote aliyesafiri na Liemba alikunywa nini kwenye baa ya meli. Atakutajia Safari, atakutajia Kilimanjaro, na swali letu la kitaifa: ya moto au ya baridi? Pombe ya mtama hakuna. Wanzuki, ya asali ya Tabora hiyo hiyo tunayojisifia, hakuna. Meli ilizungukwa na mapishi pande zote, na baa yake ikauza bia iliyotoka mbali kwa gari moshi.

Jibu la haraka ni kwamba pombe ya kienyeji haina hadhi ya kupanda meli. Nimelisikia kwa wasomi wenzangu, tena wakiwa wameshika chupa. Mimi silikubali.

Turudi nyuma. Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora, siku ya 134 tangu watoke pwani. Burton alikuwa mtu wa kejeli na dharau nyingi kwa Waafrika, lazima umsome ukiwa na chumvi mkononi. Lakini alikuwa na jicho la ripota. Anaeleza pombe ilivyopikwa: nusu ya nafaka, mtama au uwele, inalowekwa au kufukiwa mpaka iote. Inatwangwa, inachanganywa na unga wa nusu iliyobaki, wakati mwingine na asali kidogo. Inachemshwa mara mbili au tatu kwenye vyungu vikubwa, ikitakiwa safi inachujwa kwa mfuko wa ukili, kisha inaachwa iumuke. Baada ya siku ya tatu, anasema, inakuwa kali kama siki.

Hebu soma tena polepole. Nafaka iliyooteshwa, huo ni ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote cha bia duniani. Sisi tunakiita kimea. Mjerumani anatumia shayiri, Mnyamwezi anatumia mtama na uwele, lakini mwujiza ni ule ule: mbegu ikianza kuota hugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Kinachokosekana ni hopsi tu, yale maua machungu ya Ulaya. Kumbuka hiyo hopsi, tutaikuta tena mbele.

Burton anataja pia iwanza, nyumba za mazungumzo za vijiji vya Unyamwezi, ya wanaume kwake na ya wanawake kwake. Wanaume walishinda humo, wakivuta, wakinywa, wakipanga mambo ya kijiji. Alipofika Msene, magharibi ya Tabora, alilalamika kwamba vishawishi vya mji vilikuwa vikubwa mno, kuwaweka watumishi ndani ikawa kazi bure. Msafara ukakwama siku kadhaa. Yeye anaandika kama mtu aliyekosewa. Mimi nikisoma namwona mpagazi aliyebeba mzigo wa kilo 30 na zaidi kichwani toka baharini, amefika mahali ambapo mama wa watu amepika kitu cha maana, na mzungu anataka aondoke alfajiri. Nani ana haki? Na kwa taarifa yenu, kwenye orodha ya vifaa vyake Burton mwenyewe aliweka chupa 12 za brandi, na 48 nyingine za kufuata baadaye.

Hapo ndipo ufunguo ulipo. Brandi ilipanda kichwa cha mpagazi ikafika. Shampeni ya Stanley nayo ilifika. Mwaka 1871 alibeba chupa ya Sillery toka pwani akaifungua Ujiji pamoja na Livingstone. Pombe ya Unyamwezi haikubebwa na mtu. Huwezi kubeba kitu ambacho leo ni togwa, kesho kutwa ni pombe, na siku inayofuata ni siki, tena kinachoumuka ndani ya kibuyu kizibo kikiruka. Kwa hiyo msafara ulilazimika kuifuata pombe ilipo. Vijiji vya njiani viliuza chakula na pombe kwa wapita njia, na waliopika kwa kawaida walikuwa wanawake. Biashara yao ilitegemea mteja atembee kwa miguu na alale njiani.

Kisha ikaja treni.

Treni hailali Usoke. Inasimama, inapakua, inaondoka. Na katika miaka ile ile ambayo Ulaya ilikuwa ikijenga reli, ilikuwa pia ikitafuta bia inayoweza kupanda reli. Louis Pasteur alichapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876, akionyesha vijidudu vinavyoichachisha, na joto likawa dawa. Carl von Linde akatengeneza mashine za baridi. Hopsi ilikuwa imetumika karne nyingi kwa sababu inazuia bia isiharibike haraka. Weka vyote pamoja, tia kwenye chupa yenye kifuniko cha bati, na una bia isiyojali imesafiri siku ngapi. Ladha haikuwa hoja kuu. Hoja ilikuwa ifike.

Mabaharia walijua tatizo hili kabla ya wote. Jeshi la majini la Uingereza kwa muda mrefu lilimpa baharia galoni moja ya bia kwa siku, kama lita nne na nusu, kwa sababu maji ya mapipa yalioza. Bia nayo ikaharibika kwenye safari za joto, ndipo ramu ikachukua nafasi, ramu haiharibiki. Mgawo wa ramu ulikomeshwa tarehe 31 Julai 1970 tu! Na wale wa AIDAblu hawakuwa wa kwanza kupika bia baharini. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliigeuza meli yao HMS Menestheus kuwa kiwanda cha bia kwa ajili ya askari wa Pasifiki, kwa maji ya bahari yaliyosafishwa. Walitatua tatizo kwa njia ya mama wa Unyamwezi bila kujua: kama bia haisafiri, mpishi na asafiri.

Kwetu hakuna aliyempandisha mpishi melini, na hapo sayansi inaishia na sheria inaingia. Mwaka 1922 Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, na kifungu kimoja cha mkataba kikaitaka idhibiti vikali biashara ya pombe kali. Vinywaji vya kizungu vikawekewa mipaka kwa Mwafrika. Pombe ya kienyeji ikawekewa leseni, ikapangiwa vilabu na saa za kuuzwa, na mapato ya vilabu yakawa tegemeo la bajeti za miji. Matokeo yake unayajua hata kama hukuyasoma popote. Kilichoruhusiwa kwa bwana kikawa cha kutamaniwa, na kilichofungiwa kilabuni kikawa cha mshamba. Uhuru ulipokuja, mtu alitaka chupa. Nani amlaumu? Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali nayo ikaingia kwenye umiliki wa kiwanda cha bia, mwaka 1993 wakaja Makaburu kwa ubia, na katika yote hayo sijaona mahali ambapo mtu aliuliza juu ya kimea cha mtama.

Alijaribu mtu mmoja, jirani. Miaka ya 1950, Kitwe, nchi ambayo leo ni Zambia, Max Heinrich alianza kupika bia ya nafaka kwa mtindo wa kienyeji, kiwandani. Inasimuliwa kwamba aliandika kila pishi kwenye daftari, wafanyakazi wakaiita bia ya kitabu, chibuku. Ikaja hadi kwetu kwenye pakti za karatasi ngumu. Inaendelea kuumuka ndani ya pakti, na umri wake ni wa siku chache tu. Kiwanda kizima na akili zake zote kimeweza kuiongezea siku hizo.

Mwaka jana nilikaa siku tatu Usoke kwa habari za tumbaku. Nyumba ya jirani na nilipofikia alikuwepo mama mpika pombe. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaomba kuona kimea chake: mtama umetandazwa juani, vijimizizi vyeupe vimenyauka. Akanieleza siku ya kulowesha, siku ya kusaga, siku ya kupika, siku ya kuuza, kama mtu anayekusomea ratiba ya treni. Wanawe wamesoma kwa ratiba hiyo. Nikamuuliza kwa nini asipeleke Tabora mjini. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Itafika imeshakuwa nini?

Sitaki kuipamba. Usafi unategemea maji na maji ni tabu, nguvu ya pishi la leo si ya pishi la juzi, na kilabuni kuna ugomvi na watoto wanaolala njaa, kama kwenye baa zetu za Sinza tu. Na msinichanganyie na gongo, ile inakenekwa, ni jambo lingine. Ila nikiona vijana wenzangu wa mjini wanalipa bei ya gunia la mahindi kwa glasi chache za bia ya mikono kutoka ng'ambo, yenye tope kidogo chini na harufu ya matunda, halafu ya huyu mama wanaiita uchafu kwa sababu ina tope kidogo chini, nakosa pa kushika.

Liemba ilipokuwa kwenye ratiba yake, iliondoka Kigoma Jumatano alasiri na kufika Mpulungu Ijumaa asubuhi, mambo yakienda vizuri. Chungu kilichopozwa Kigoma Jumatano mchana kingekuwa kimeiva wakati meli inaonana na taa za Zambia, na mwenye chungu angekuwa na abiria wote wa daraja la tatu kama wateja wake, hawana pa kwenda. Jikoni kulikuwa na moto. Maji matamu, tofauti na ya Wajerumani, yalikuwa chini ya meli, kina cha zaidi ya kilomita moja.